Chungu cha Mlenda Kilichovunjwa Kizingitini

"Ukihama dhiki, chungu hama nacho." Mliisikia jana jirani alipohamia nyumba mpya, mkachekelea pembeni, mkidhani wazee wanaonea choyo vyombo. Haya, acheni simu hizo kidogo. Methali hii ilianza hivi.

Huku kwetu Mpwapwa alikuwapo mama mmoja, Mama Sechelela. Alikulia ugali wa uwele kwa mlenda, ile mboga ya majani inayoteleza, leo mlenda, kesho mlenda, na maji akiyafuata bondeni kwa miguu. Mungu si Athumani, mumewe akapata mashine ya kukamua alizeti, na mali ikaja, tena ya halali. Wakajenga nyumba nzuri kando ya barabara.

Siku ya kuhamia, mama mkwe wake alikuja na chungu cha mlenda kichwani, kikuukuu, cheusi kwa moshi. Mama Sechelela akakipokea kwa mikono miwili, kisha akakibamiza kwenye kizingiti.

"Dhiki isivuke hapa," akasema. "Mwanangu hatakula nilichokula mimi."

Bibi akavitazama vigae. "Mkamwana wangu, dhiki haikuwa humo. Humo tulipikia mboga tu."

Nani amsikilize? Mwanawe Sechelela akalelewa kwa chipsi na soda. Ndoo hakuijua uzito. Shule ilikuwa pua na mdomo, lakini alipelekwa kwa bodaboda, maana kutembea, ati, ni kwa watoto wa wasio nacho. Watu wakisifu mtoto alivyonawiri, mama akavimba kichwa. Na alimpenda mtoto yule, msinielewe vibaya. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Alipofika kidato cha pili, Sechelela akashikwa na kiu isiyokatika, akawa anasinzia darasani. Siku moja akaanguka akiimba kwaya. Hospitalini wakapima, wakakuta sukari.

"Dawa atapewa," daktari akamwambia mama. "Lakini soda aache, na vya kukaanga apunguze. Ale ugali wa uwele kiasi, mboga za majani, hata mlenda kama mnao. Na atembee."

Mama Sechelela akainama. Kila alichotajiwa, yeye mwenyewe ndiye aliyekipiga marufuku nyumbani kwake.

Aliporudi akaazima chungu kwa jirani, akapika mlenda kama alivyofundishwa na mama yake. Sechelela akaonja, akausogeza kando.

"Kula, mwanangu. Nakuomba."

"Mama, si ulisema hiki ni chakula cha dhiki?"

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama mtoto anayekumbuka vizuri alichofunzwa na mamaye. Mama akaenda jikoni, akalia.

Samaki mkunje angali mbichi, na huyu alikwisha kukauka. Sechelela alijaribu, akashindwa, akajaribu tena. Leo ni mtu mzima, anaishi kwa sindano, na jicho moja halioni.

Mama yake naye, tangu siku zile, akisikia mtu amejaliwa na anahamia kwenye nyumba nzuri, hununua chungu kipya sokoni akampelekea. Haingii ndani. Humkabidhi mwenye nyumba palepale kizingitini, na kabla hajageuka kurudi kwa mwanawe, humwambia neno moja tu:

"Ukihama dhiki, chungu hama nacho."