Mpini wa Simu

Mtu mmoja alikuwa mkuu wa shule juu milimani, Upareni, na shule ile ilikuwa na shamba la tangawizi. Aliitwa Mwalimu Mbazi. Kila Ijumaa wanafunzi wake walipanda kilima, kila mmoja na panga lake kutoka nyumbani. Mgeni aliyewaona kwa mara ya kwanza alishtuka: shule nzima na mapanga! Lakini hakuna aliyekatwa. Mbazi aliwafundisha tangu walipoandikishwa: ukimpa mwenzako panga, mwelekezee mpini, kabla hujaliinua, geuka uone nani yuko nyuma yako, na mgomba wa jirani si wako, hata ukiwa umeegemea upande wenu.

Mtu huyohuyo aliogopa simu. Mapanga yote yale hayakumtisha, ila simu moja ikilia darasani, uso ulimbadilika. Aliweka sanduku lenye kufuli ofisini, na kila simu iliyokamatwa ilitumbukizwa humo. Watoto nao wakazificha kwenye soksi, wengine ndani ya mikate. Sanduku likajaa, Mbazi akaona kazi imekwisha. Alifanya hivyo kwa kuwapenda, nanyi wazazi mnajua ni makosa mangapi tunayafanya kwa kupenda.

Ijumaa moja mvua ilikuwa imenyesha. Nakijwa, msichana wa kidato cha tatu, aliteleza shambani, akaanguka kwenye tope, sketi ikachanika. Mwanafunzi mwenzake, Senzia, akachomoa simu kwenye soksi, akampiga picha, akawatumia rafiki zake wacheke. Jua halijazama, picha ilikuwa imefika sokoni, imefika na kwa wajomba zake Nakijwa huko Dar es Salaam. Jumatatu hakuja shule. Wiki ile yote hakuja. Mama yake akapanda hadi ofisini kusema kwamba binti ameapa hatakanyaga tena pale, na yeye hajui amwambie nini.

Mbazi aliumia sana. Akaamua kumfukuza Senzia. Ijumaa akamfuata shambani kumwambia afungashe, akamkuta anampa panga mtoto wa kidato cha kwanza. Senzia aliligeuza panga, akashika bapa lake, akamwelekezea mwenzake mpini, wala hakufikiri mara mbili. Mbazi alisimama palepale. Mkono ule ulikuwa na adabu kwa sababu yeye ndiye aliyeufunza.

Alirudi ofisini bila kumfukuza, akafungua kufuli la sanduku, akawaita wanafunzi wote.

“Wanangu, nimekosea,” alisema. “Panga niliwafundisha kulishika, simu nikawafundisha kuificha. Jumatatu njooni nazo darasani.”

Walimu wenzake walinung'unika. Bodi ya shule ilimwita, ikampa muhula mmoja, na kumwonya kwamba mambo yakiharibika ukuu wa shule atauacha. Akakubali. Mtu mzima, mvi kichwani, akakaa na watoto kujifunza jinsi ujumbe unavyotoka mkononi mwa mtu na kwenda asikokujua! Mimi namvulia kofia. Katika somo la kilimo walipiga picha majani ya tangawizi yaliyougua, wakatafuta tiba yake. Katika historia waliwarekodi bibi zao wakisimulia ya zamani, baada ya kuwaomba ruhusa. Na kabla ya kutuma neno au picha, kila mmoja alifundishwa kugeuka kwanza aone nani yuko nyuma yake anayeweza kuumia.

Kisha darasa zima likashuka hadi nyumbani kwa kina Nakijwa. Senzia aliomba radhi mbele ya mama, akilia, na kila mwenye picha ile akaifuta msichana akiona. Iliyofika Dar haikurudi, na Mbazi hakuwadanganya kwamba itarudi.

Nakijwa alirejea shuleni. Siku nyingine ya mvua wote walikuwa shambani, simu mikononi, wakipiga picha majani. Mwalimu Mbazi akateleza, akaenda chini mzimamzima na suruali yake iliyopigwa pasi, tope mpaka masikioni. Hakuna simu iliyoinuliwa; zilirudi mifukoni, moja baada ya nyingine. Na mkono wa kwanza uliomfikia ulikuwa wa Nakijwa.

Basi wewe uliyemnunulia mwanao simu, siku ile ulipompa mkononi, ulimwelekezea mpini au makali?