Uvimbe wa Nin

Uani kwa Samruai, katika kichochoro kimoja cha mji wa Nakhon Chai Si, chupa bapa zilisimama juu ya rafu zikiwa zimebanana kama vitabu vya mwanachuoni. Katika kila chupa alikaa samaki mmoja, na kati ya chupa na chupa palichomekwa kadi nyeusi. Bila kadi hizo nyumba isingekuwa na amani, kwa maana samaki hawa wa kupigana hawavumilii kuonana. Dume akimwona dume mwenzake hutanua mapezi, hufungua mashavu kama mwavuli na kujitikisa mbele ya kioo mpaka nguvu zimwishie. Marehemu Mzee Thongkham, babake Samruai, alizoea kusema kwamba Mungu wa samaki hao aliwaumba kwa maji kidogo na wivu mwingi.

Mzee huyo hakuacha shamba wala nyumba ya ghorofa. Aliacha rangi. Katika maisha yake yote alipandisha samaki, akachagua, akapandisha tena, hata akapata kizazi cha buluu nzito iliyokaribia weusi, chenye pindo jeupe kwenye mapezi, jembamba kama uzi wa mshonaji. Lakini baridi ya mwaka ule ilikuwa kali kuliko ilivyozoeleka, madume wakafa mmoja mmoja, akabaki mmoja tu. Samruai alimwita Nin, jina la kito cheusi. Majike walikuwapo, ila bila Nin rangi ya mzee ilikuwa imefika mwisho wake. Kila aliyejua mambo ya samaki alimshauri ampandishe upesi. Samruai alikataa. Dume akipandishwa huchanika mapezi, naye alimtaka Nin akiwa mzima siku ya mashindano ya sherehe za hekalu. Baada ya hapo, alisema, azae apendavyo.

Sababu ya kuyataka sana mashindano hayo iliishi ng'ambo ya mitungi ya maji ya mvua. Ua ulikuwa mmoja, nyumba mbili, na mitungi hiyo ndiyo iliyokuwa mpaka. Upande wa pili alikaa Uthai, mdogo wake Samruai, pamoja na mkewe Bunsi, fundi cherehani kutoka Isan, mkoa wa mbali wa wala wali wa kunata, ambaye siku alipoletwa pale hakujua hata kumtofautisha samaki dume na jike. Miaka michache baadaye Bunsi alikuwa na rafu yake mwenyewe, na mwaka uliopita samaki wake mwekundu aliwashinda wote hekaluni, akiwamo babake Nin. Watu walimpigia makofi. Samruai naye alipiga makofi, ila viganja vyake vilikuwa baridi kama pua ya mbwa.

Tangu siku hiyo wivu ulimkaa kooni mithili ya mwiba: haushuki, hautoki. Cherehani ya Bunsi ikilia, yeye alisikia majigambo. Wale wa upande wa pili wakicheka wakati wa kula, alihesabu kwamba wanamcheka yeye. Kombe la ushindi Bunsi alikuwa ameliweka dirishani, karibu na makasi yake, akatia humo vifungo na pini. Hilo ndilo lililomuuma Samruai zaidi. Kitu ambacho yeye angekipigia magoti, mwenzake alikifanya kopo la vifungo!

Mvua zilipoanza, samaki mwekundu wa Bunsi alivimba tumbo. Bunsi hakungoja hata kunawa uso. Alisimama katikati ya kichochoro, chupa mkononi, akapaza sauti.

"Jamani, njooni mwone! Huyu bwana kavimba kama mjamzito!"

"Umemlisha wali wa kunata, Bunsi!" jirani mmoja alimtania. "Nyie watu wa Isan kila kiumbe mnamlisha wali wa kunata."

"Wali wapi! Nimemlisha viluwiluwi vya mbu na tamaa yangu." Alicheka pamoja nao, kisha akaja kuegemea mitungi. "Dada, wifi yangu, wewe ndiye uliyelelewa na samaki. Nifanyeje?"

Samruai alihisi kitu kitamu kikimpita kifuani, akakionea haya kidogo, lakini hakukizuia. "Mimi najua nini, wifi? Bingwa ni wewe. Liulize kombe lako."

"Lile linajua kutunza vifungo tu," alijibu Bunsi, akachukua mwavuli wake akaenda sokoni kwa Mzee Chalor, muuza chakula na dawa za samaki. Jioni alirudi akimweleza mumewe kwa sauti kubwa yote aliyofundishwa. Samruai alikuwa anafagia ua. Alipotambua kwamba yanayosemwa ni mambo ya tiba, aliingia ndani akafungulia redio. Hakutaka hata elimu ipite kwake ikitoka kinywani mwa Bunsi. Siku chache baadaye yule mwekundu alikuwa akitanua mapezi kama zamani, na tumbo lake limekaa mahali pake.

Samruai akazidisha chakula cha Nin. Asubuhi viluwiluwi, mchana minyoo myekundu, jioni kiini cha yai. Kila alipomwona mwekundu akipita mkononi mwa Bunsi kubadilishiwa maji, alirudi rafuni akamwongezea Nin. Kwa kweli hakuwa akimlisha samaki. Alikuwa akiulisha wivu wake, na wivu haujawahi kusema nimeshiba.

Asubuhi moja alimkuta Nin ameinamia upande, tumbo limekuwa duara kama njugu mawe, anajaribu kushuka chini ya maji na maji yanamrudisha juu kama kizibo. Jambo la kwanza lililomjia Samruai halikuwa dawa. Lilikuwa ni kicheko cha Bunsi. Akachukua kadi akaizungushia chupa pande zote, mpaka Nin hakuona mtu wala mtu hakumwona.

Alimtia jani la mkungu na chumvi ya jikoni, kama alivyomwona babake akifanya samaki walipochanika mapezi. Alimwekea kioo apate kujitikisa, lakini Nin alikuwa amekwisha kuizoea sura yake, akaitazama kama mtu atazamavyo ukuta. Juu ya hayo, chakula hakukikatiza. Sherehe zilikuwa karibu, na samaki aliyekonda hapewi kombe.

"Hodi, wifi!" Bunsi aliita kutoka mitungini. "Umechuma majani ya mkungu kapu zima. Kuna mgonjwa?"

"Mgonjwa atoke wapi? Samaki wangu wana afya kuliko mumeo."

"Huyo mume wangu ni mdogo wako wa tumbo moja. Ukimtukana umejitukana." Bunsi alichungulia. "Na Nin je? Mbona umemfunika gubigubi kama bibi harusi?"

"Anapumzika."

"Basi nimlete mwekundu wangu waonane kidogo, apate kuchangamka. Mzee Chalor anasema hata tumbo likiwa—"

"Nimesema anapumzika!"

Bunsi alikung'uta nyuzi kwenye sketi yake. "Haya, dada. Ukinihitaji nipo," alisema, akarudi kwenye cherehani.

Samruai alizikaza zile kadi kwenye chupa. Waonane, moyo wake ulimwambia, waonane ili Bunsi amwone! Amwone alivyopinda, kisha kichochoro kizima kijue kwamba binti wa Thongkham ameshindwa kumtunza samaki mmoja. Kwamba huenda Bunsi alikuja kwa wema, hilo nalo lilimpitia akilini, lakini lilipita kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Usiku ulipita, na kulipokucha Samruai aliona magamba ya Nin yameanza kunyanyuka. Alikwenda sokoni mwenyewe. Mzee Chalor alikuwa nyuma ya mabeseni yake, na kando yake wanawake wawili wa kichochoroni walikuwa wakichagua minyoo ya kulisha samaki wao.

"Mzee, nina jirani," Samruai alianza, "samaki wake kavimba tumbo."

"Jirani yupi huyo?"

"Wa ng'ambo ya mfereji. Humjui."

"Huyo samaki anakula sana?"

Jibu lilifika mpaka kwenye ulimi. Lakini mmoja wa wale wanawake alikuwa ameinua kichwa. "Hali kitu," Samruai alisema. "Kidogo sana."

"Magamba yamelala au yamesimama?"

"Yamelala."

"Na anaonana na dume mwingine?"

"Kila siku."

Mzee Chalor alikuna shingo. "Basi ni ajabu. Angekuwa mlafi ningesema ni choo kimemfunga. Huyo hushindishwa njaa siku mbili tatu, ukamweka kwenye maji machache ya vuguvugu, ukamtia chumvi ya haluli kidogo, ile ya kuendesha tumbo, siyo ya jikoni. Kisha ukamsogezea dume mgeni kwa dakika chache. Akipandwa na wivu hujitikisa mwili mzima, na tumbo hufunguka. Wifi yako alifanya hivyo, si ulimwona? Lakini asiyekula hafungwi na chakula. Huyo wa jirani yako ana minyoo. Mpe hii, ila ni kali. Mwambie kama magamba yakisimama asithubutu, itammaliza."

Samruai alirudi na dawa mkononi na tiba kichwani, na viwili hivyo vilikuwa vinapingana. Alijua sasa. Hakuweza kusema hajui. Rafuni kwake hapakuwa na dume mwingine, na dume mgeni wa karibu alikuwa hatua chache tu, ng'ambo ya mitungi. Alikwenda mpaka mpakani, akashika ukingo wa mtungi. Bunsi alikuwa ameinamia kitambaa, mdomoni ameshika pini, na pembeni yake kombe linang'aa kwa jua la asubuhi. Neno moja lingetosha. "Wifi" peke yake lingetosha.

Bunsi alinyoosha mkono bila kutazama, akachota kifungo ndani ya kombe.

Samruai alirudi nyuma. Alipofika rafuni alijiambia kwamba labda Mzee Chalor hakukosea, labda ni minyoo kweli, na magamba yale hayajasimama sana. Binadamu akitaka kudanganyika hahitaji msaidizi. Akaitia ile dawa.

Kesho yake, watawa wa hekalu walipokuwa wamekwisha kupita kupokea vyakula vya sadaka na kichochoro kinanukia vitunguu saumu, Samruai aliondoa kadi. Nin alikuwa amelala ubavu chini ya chupa. Magamba yamesimama yote, mwili umekuwa kama tunda la topetope, na ile buluu ya babake imefifia ikawa rangi ya jivu. Alimgusa kwa kijiti. Alimgusa tena. Kisha sauti ikamtoka, sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake, na haikukoma.

Bunsi alifika wa kwanza, amepanda juu ya mitungi na kanga ya kulalia, mtungi mmoja ukapinduka ukamwaga maji ua mzima. Uthai alimfuata na kijiko mkononi. Majirani walijaa mlangoni wakidhani kuna mtu amefariki. Walimwona Samruai ameketi kwenye tope, chupa mapajani, na kandoni mwake mabaki ya viluwiluwi, chumvi ya jikoni na kichupa cha dawa. Hakuna kilichohitaji maelezo. Mmoja wa wale wanawake wa sokoni aliinama, akatazama, akauliza taratibu, "Dada Samruai, huyu ndiye samaki wa yule jirani wa ng'ambo ya mfereji?"

Uthai alimtoa Nin katika chupa ya dada yake, akamgeuza kwenye mwanga kutafuta lile pindo jeupe. Halikuonekana tena. "Baba," alisema tu.

Bunsi alichuchumaa kwenye maji. "Ungeniita, wifi. Ningemleta mwekundu mbio."

"Ungenicheka," Samruai alisema kwa kwikwi.

"Ningekucheka, ndiyo. Mimi hucheka kila kitu, si unanijua? Ningekucheka kidogo, halafu tungemtibu."

Samruai aliinua uso akamtazama mke wa mdogo wake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mwiba uliokuwa kooni mwake ulikuwa umeshuka, lakini umeshuka wakati hakuna tena cha kumeza. Majirani walianza kuondoka mmoja mmoja, na kabla jua halijapanda kichochoro kizima kilikwisha kujua mambo yote: kwamba Nin aliugua, kwamba alifichwa, kwamba dawa yake ilikuwa ng'ambo ya mitungi, na kwamba rangi ya Mzee Thongkham haitaonekana tena. Yaliyozibwa kwa kadi yalitangazwa kwa machozi, na wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha maradhi, kilio humfichua.