Pimbi na Kapu la Mapera

Paukwa!

Pakawa!

Wenye masikio mpo?

Tupo, na tumeyategesha!

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na mchezo wa rungu. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa rungu. Akiupiga, anakimbia kuzunguka uwanja mpaka arudi alikoanzia. Hilo ni bao. Akiukosa mara tatu, ametoka. Mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, ametoka pia.

Wachezaji waliishi kwa mchezo huo. Watazamaji walileta maboga, walileta karanga, walileta mihogo. Timu ikishinda, inakula inashiba. Timu ikishindwa, inameza mate.

Basi palikuwa na timu ya Majabali. Mrushaji wake alikuwa Pimbi. Mwili mdogo, lakini mkono wake, jamani! Akirusha: fyuuu!

Mwaka huo mambo yaliwaharibikia. Wakacheza na Ngiri, wakashindwa. Wakacheza na Swala, wakashindwa. Wakacheza na Nyani, wakashindwa vibaya, wakazomewa mpaka nyumbani. Nahodha wao, Nyati, akafunga virago, akahamia kwa Nyani. Watazamaji wakapungua. Maboga yakapungua. Matumbo yakaanza: ngruu, ngruu.

Pimbi akawa nahodha. Bega linamuuma, anarusha. Wanamcheka, anarusha.

Ikabaki mechi moja tu, tena na Nyani. Nyani wakishinda, kombe la mwaka huo ni lao. Wakishindwa, kombe ni la Swala.

Asubuhi ya mechi, Nyani mkuu akaja Majabali na kapu la mapera. Mapera yananukia, wee!

"Hodi, jirani!"

"Karibu," akasema Pimbi.

"Nimewaonea huruma. Mmechoka, mna njaa. Kuleni, mlale. Leo msije uwanjani."

"Tusipokuja, ushindi anapewa nani?"

Nyani akacheka, khe khe khe. "Ninyi ni wa mwisho, Pimbi. Mje, msije, mtabaki wa mwisho. Mnapoteza nini?"

Kakakuona, mdakaji wa Majabali, akasema polepole, "Nahodha, watoto wangu wamelala na njaa."

Pimbi akamtazama. Moyo ukamuuma kuliko bega.

"Najua, ndugu yangu. Hata mimi nina njaa. Lakini Swala walitushinda kwa haki. Tukila mapera haya, tumewaibia kombe lao. Mimi nakwenda, hata peke yangu."

Kisha Kakakuona akalisukuma kapu kwa pua, likarudi miguuni mwa Nyani.

"Peke yako huendi," akasema.

Wakaenda. Wakacheza. Jua kali, vumbi tifu tifu! Nyani wakapata bao, Majabali wakarudisha. Mwishowe Majabali wakawa mbele kwa bao moja, akabaki Nyani mkuu na rungu lake. Nyati, yule aliyehamia kwao, yuko katikati ya mzunguko, anasubiri mpira upigwe amalizie mbio zake. Mpira ukienda mbali, wote wawili watafika, na Majabali watakuwa wameshindwa tena.

Pimbi akarusha. Fyuuu! Rungu likakata hewa.

Akarusha tena. Fyuuu! Hewa tupu.

Bega linawaka moto. Pimbi akauma meno, akarusha. Pwaa! Nyani kaupata! Mpira juu, juu, juu. Kakakuona mbio chini yake, ukamponyoka mikononi, ukagonga magamba ya mgongo, ngo! Ukaruka kando. Pimbi akajitupa, tumbo chini, puu! Akaudaka ukiwa shibiri moja tu kutoka ardhini.

Nyani katoka! Mechi imekwisha!

Swala, waliokuwa wakitazama, wakalia kwa furaha. Wakachukua kombe, na maboga waliyopewa pamoja nalo wakayapeleka Majabali.

Kakakuona akiwa anatafuna, akasema, "Nahodha, bado sisi ni wa mwisho."

"Wa mwisho kabisa," akasema Pimbi, akijikanda bega. "Nipitishie boga."

Mnasikia, wakubwa kwa wadogo? Hata ukishindwa msimu mzima, mechi iliyobaki usiiuze. Nenda ukaicheze kwa nguvu zako zote, maana haki ya mwenzako huenda imo humo.

Hadithi yangu inakomea hapo. Aliyeisikia, akamsimulie ambaye hakuwepo.