Linamtosha Nani

Ndugu zangu, nimewaona asubuhi hii mkiingia kanisani mmejitanda mashuka na makoti, wengine mikono mmeificha kwapani, nikajisemea kwamba leo mfano wangu utakuwa wa maji ya moto. Msicheke. Huku kwetu milimani, mwezi wa saba ukifika, maji ya moto si jambo la kuchekea.

Palikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Tweve. Tangu ujana wake alikuwa dereva wa malori ya mbao, na alipostaafu akatulia nyumbani na mkewe, Mama Lusungu, pamoja na binti yao Lusungu, ambaye ni mwalimu, na wajukuu watatu. Alikuwa mtu wa haki, mtu wa sala, mtu asiyepanda kitandani mpaka ahakikishe kila aliye chini ya paa lake ameshiba. Namsifu mapema ili msije mkadhani nawaletea habari za mtu mbaya. Hakuwa mbaya hata kidogo, na hapo ndipo penye mfano wangu.

Bafuni kwake, juu ukutani, kulikuwa na hita ya umeme ya tangi, ya kizamani, nene kama pipa. Aliinunua mwaka alipojenga, na enzi hizo watu walikuja kuishangaa kama wanavyoshangaa gari jipya. Kila alfajiri aliwasha swichi, tangi likapasha maji, akaizima kuokoa umeme, kisha akaoga. Yeye kwanza, maana ni baba wa nyumba. Alifuata Lusungu, anayewahi darasani. Kisha watoto. Mama Lusungu alioga mwisho, kwa kuwa saa hizo alikuwa na ng'ombe wa kukamua na uji jikoni.

Sasa, huyu Mama Lusungu alikuwa mshonaji. Magauni ya harusi, sare za shule, majoho ya kwaya, vyote vilipita katika cherehani yake. Lakini baridi ilianza kumwingia kwenye vidole. Viungo vikavimba, ikafika hatua asubuhi hawezi kushika mkasi mpaka jua lipande. Daktari alimpa dawa, akamwambia pia ajiepushe na maji ya baridi. Lusungu alipolisikia hilo akaenda kwa baba yake na shauri. Alimweleza kwamba siku hizi kuna hita zisizo na tangi, maji yanapashwa yakiwa yanapita, hivyo anayefungua bomba anapata ya moto, awe wa kwanza au wa mwisho. Akaomba lile tangi litolewe.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kwa upole wake, kisha akasema, "Mwanangu, tangi letu linatosha."

Lusungu akamwuliza, "Linamtosha nani, baba?"

Mzee aliona swali lile limekosa adabu, akanyanyuka akaenda kuangalia ng'ombe. Neno likaishia hapo. Nawauliza ninyi: je, mzee alikuwa anasema uongo? Hapana. Maisha yake yote ndani ya nyumba ile alikuwa akifungua bomba, na kila alipofungua, maji yalitoka ya moto. Angetoa wapi ushahidi mwingine?

Haukupita muda mrefu, Mzee Tweve akaanguka. Alikuwa ameweka mbao ngumu nyuma ya nyumba, amezipanga vizuri, ni mbao za geti kubwa alilokuwa analiota tangu astaafu. Akapanda juu ya rundo kuzifunika turubai mvua isizilowanishe, mguu ukateleza. Mfupa wa mguu ukavunjika chini ya goti. Hospitali wakamfunga plasta ngumu, wakamrudisha nyumbani na magongo.

Mtu mwenye plasta haogi kama watu wengine. Anakalishwa kwenye stuli, mguu unafungwa mfuko wa nailoni na kuegeshwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na lazima awepo wa kumsaidia. Ni kazi ya taratibu. Ili asiwacheleweshe wanaokwenda shule, ikaonekana ni vyema aoge wakishaondoka wote. Yeye mwenyewe alikubali. Hakufikiri kwamba kuna kitu anachokikubali.

Asubuhi ya kwanza Mama Lusungu akamkalisha, akakinga maji katika beseni, akachota kopo, akammiminia mgongoni. Mzee akashtuka, pumzi ikamkatika.

"Mama Lusungu, fungua ya moto," akasema.

"Nimefungua, Baba Lusungu. Saa hizi huwa yameisha."

Hakulisema kwa uchungu. Alilisema kama mtu anayemweleza mgeni kwamba duka la jirani limefungwa. Akachota tena. Mzee akageuka kumtazama, na macho yake yakaangukia mikono ya mkewe. Vidole vilikuwa vyekundu, vimevimba kwenye maungio kama mizizi ya tangawizi, na kopo alilishika kwa viganja viwili kwa sababu vidole havikunjiki. Mzee alitaka kumwuliza anaoga hivi tangu lini. Jibu alikuwa nalo tayari, akaogopa swali.

Alinyamaza siku ile, na nyingine, na nyingine. Unajua, kauli aliyoitoa baba mbele ya watu wake ni ngumu kurudi mdomoni. Aliendelea kuogeshwa maji ya baridi akijifariji kwamba plasta itatolewa na mambo yatarudi kama zamani. Lakini jambo moja lilimtisha. Asubuhi akiwa amelala kitandani alikuwa anasikia bomba likifunguliwa bafuni, watoto wanaoga huku wanacheza, na moyoni mwake kitu kinasema, wafunge, wanamaliza. Siku moja akajishika: mimi Tweve, babu mzima, ninamwonea wivu mjukuu wangu kwa maji! Akaona aibu hata akaufunika uso kwa shuka. Mkewe alikuwa wa mwisho miaka yote ile na hakuwahi kumfokea mtoto awahi kutoka.

Basi Jumapili moja baada ya ibada akawaita sebuleni. Mdogo wake, Mzee Ezra, alikuwa amekuja kumjulia hali, naye akakaa. Mzee Tweve akawaambia ameamua tangi litoke, ifungwe hita isiyo na tangi.

Mzee Ezra ndiye aliyepinga. Alisema umeme wa nyumba ile ni wa zamani, hautaibeba. Akaambiwa zipo za gesi. Akasema ya gesi itawaunguza wote wakiwa usingizini. Lusungu akamweleza kwamba amekwisha kumwuliza fundi, hita inafungwa nje, ukuta wa nyuma penye upepo, moshi wake hauingii ndani. Ezra akasema maji yao hayana nguvu ya kutosha kuisukuma. Hilo lilikuwa kweli, simtanki la maji la uani lingepaswa kupandishwa juu. Mwisho akabaki na hoja moja tu.

"Kaka, kitu hakijaharibika, unakitoaje?"

"Kweli tangi halijaharibika," akajibu Mzee Tweve. "Ila halitoshi."

"Halitoshi tangu lini?"

"Tangu siku nilipolinunua. Mimi nilikuwa naoga wa kwanza."

Mama Lusungu alikuwa anamenya viazi pembeni. Aliinua uso akamtazama mumewe muda mrefu, kisha akainama akaendelea na viazi vyake, lakini Lusungu aliona kisu hakitembei.

Zile mbao za geti zikapata kazi. Nyingine zilijenga mnara wa kupandishia simtanki, zilizobaki zikauzwa, na hita ikanunuliwa. Mzee alikaa uani kwenye kiti, mguu mbele, akimtazama fundi anavyopima na kufunga. Majirani walipita wakimwuliza habari za geti, akawajibu kwamba geti linaweza kungoja.

Siku kazi ilipokamilika familia yote ilisimama uani, na Mzee Ezra naye akaja, nadhani alitaka kuona nyumba ikiungua. Lusungu akaweka taulo la baba yake begani mwake, kama ilivyo desturi, ili afungue yeye. Mzee akalitoa lile taulo akampa mkewe. "Leo aanze mama yenu," akasema. "Mimi nitafunga foleni."

Mama Lusungu alisita, maana mtu akizoea mwisho, mbele humtia woga. Kisha akaingia. Wakasikia moto ukiwaka kule ukutani, vuu, na maji yakianza kumwagika. Wakangoja. Akakaa sana, watoto wakaanza kutazamana. Mmoja akanong'ona kwamba bibi atayamaliza. Mama yake akamwambia haya hayamalizwi. Bibi alipotoka, mvuke ukatoka naye, uso unang'aa kama wa bibi harusi, akanyoosha mikono mbele yao akavikunja vidole polepole, akavikunjua.

Wakaingia watoto. Akaingia Lusungu. Mzee Ezra akasema naye ajaribu kidogo tu, na ikabidi wamgongee mlango. Wa mwisho kabisa akaingia Mzee Tweve na magongo yake, akakataa kusaidiwa. Wakamsikia akifungua bomba. Kisha sauti yake ikatoka kupitia mlangoni: "Ni ya moto."

Halafu, ndugu zangu, yule mzee akaanza kuimba. Alikuwa na besi nzito ya dereva wa lori, na alikuwa ameiacha kwaya miaka mingi. Mama Lusungu pale uani akaidaka sauti ya kwanza. Lusungu akaingia katikati. Watoto wakapiga makofi, majirani wakachungulia juu ya ua, na kabla wimbo haujaisha kulikuwa na vigelegele kama nyumba imepata mtoto.

Sidai kwamba hita iliponya mtu. Dawa zilikuwepo, na sala zilikuwepo. Lakini vidole vile vikaanza kutii, na Krismasi ilipofika kwaya iliingia ibadani na majoho mapya, meupe, yenye kola ya zambarau, yote yameshonwa na mkono mmoja. Na katika safu ya besi alisimama mzee mmoja anayechechemea.

Naona akina mama mnatabasamu, mnawaangalia waume zenu kwa pembeni. Mnadhani leo mchungaji amewasemea. Ngojeni kwanza. Wewe mama, ukipakua mboga, binti wa kazi huwa anapata nini chini ya sufuria? Na ninyi vijana wenye vyumba vya mbele, mmewahi kulala chumba cha mdogo wenu kinachovuja? Na mimi niliyesimama hapa juu penye joto la taa, nimewahi kuoga wa mwisho?

Sisi tunapenda sana neno hili, inatosha. Chakula kinatosha. Nafasi inatosha. Upendo kanisani kwetu unatosha. Nasi tunalisema kwa moyo mweupe, kama Mzee Tweve, kwa sababu kila tunapofungua bomba ni ya moto. Mtu asikudanganye: ukitaka kujua kama maji yametosha, usimwulize aliyetangulia kuoga. Nenda ukamwulize wa mwisho, na usingoje mguu uvunjike ndipo ukaijue foleni ilipoishia. Neema ya Bwana wetu haijawekwa katika tangi, mpaka mmoja aichote na mwenzake akose. Iko tele. Ni sisi tuliojenga bafu lenye zamu.

Nami nianze leo. Wazee wa kanisa wameniambia viti vinatosha na maneno yanasikika vizuri kwenye spika. Nawaamini, wamekaa mstari wa mbele. Kwa hiyo sitawauliza wao. Nakuuliza wewe, ndugu yangu, wewe uliyesimama nje pale dirishani tangu ibada ianze, umejifunika shuka la kijani. Ndiyo, wewe. Tutangoja mpaka utujibu, na baada ya jibu lako ndipo tutasema Amina.

Yanakufikia?