Kisanduku cha Nyani Kilipojaa

Paukwa, wanangu. Semeni pakawa.

Pakawa.

Pakawa na jicho moja lisilofumba, likaona vyote lisile kitu.

Likaona, likaona, likajaa.

Basi sogeeni mkekani. Mwenye baridi avute ncha ya kanga yangu, nami niwasimulie.

Hapo zamani, wala si zamani sana kwa kuwa kamera zilikuwapo, aliishi Mama Sange. Sange ni mnyama mdogo kama ngumi ya mtoto, ana pua ndefu inayochezacheza na miguu myembamba kama njiti. Aliishi chini ya jiwe kando ya chemchemi, pamoja na mwanawe mmoja, Kipua. Juu ya jiwe hilohilo aliishi Bwana Nyani, mwenye mabega mapana na macho yanayotaka kila yanachokiona.

Asubuhi moja watalii walisahau kamera kwenye nyasi. Nyani akaiokota, akainusa, akabonyeza. Kacha. Akatazama kioo kilicho nyuma ya kamera, akauona mkuyu umo ndani na makuyu yake yote. Akawaza sana, kisha akawatangazia wanyama kwamba chochote kitakachoingia kwenye kisanduku chake ni mali yake. Wanyama wakaja mmoja mmoja kuchungulia. Kweli, mti umo ndani. Nani angebisha?

Akaielekezea chemchemi. Kacha. "Yangu."

Akakielekezea kivuli alimokuwa amelala Kobe. Kacha. "Changu." Kobe akajikokota, kwatu, kwatu, akaenda kulala juani.

Kipua naye akatokeza pua kusikiliza mlio huo unatoka wapi. Kacha.

"Wangu," akasema Nyani. "Jua likishuka apande huku juu. Atanikuna mgongo mpaka azeeke."

Mama Sange akamkumbatia mwanawe, asijue aanzie wapi. Jirani yake Digidigi akaja bila kuitwa, akamlamba Kipua kichwani, akamwambia mama aende akaongee na Nyani, mtoto atakaa naye yeye.

Sasa, jambo moja Nyani hakulijua vizuri. Mama Sange alizaliwa chini ya sakafu ya darasa la kwanza. Alipokuwa mdogo alisikia ba-be-bi-bo-bu kila asubuhi, na kwa tundu la ubao wa sakafu aliziona herufi ukutani. Kwa hiyo alijua kusoma.

Alipofika juu alimkuta Nyani anaitikisa kamera. Alitaka kukitia ndani kilima cha ng'ambo, lakini kisanduku kilikataa. Piip. Maandishi yakatokea.

"Wewe, mwenye pua," akasema Nyani. "Wanasema unayajua haya madudu. Kinasemaje?"

Mama Sange akasoma. KADI IMEJAA. Akamweleza ukweli, kwamba ndani mna ghala dogo la kuwekea picha, nalo halina tena nafasi. Akitaka kuingiza kipya, lazima atoe cha zamani.

Nyani akaanza kuzipitia picha. Za kwanza zilikuwa za wale watalii wakila mikate. Akameza mate, akasema hao hawatoki, mikate ile ni yake.

"Ni yako, Bwana," akasema Mama Sange taratibu. "Mimi nakionea huruma kilima. Kimekosa nafasi kwa ajili ya kitoto cha sange. Na humo ndani, kitoto hicho kinajaza nafasi sawa na kilima."

"Sawa na kilima?"

"Sawasawa."

Nyani akakasirika kama mtu aliyeibiwa. Akaitafuta picha ya Kipua, akabonyeza penye alama ya pipa la taka. Piip. Maandishi mengine yakatokea: PICHA IMELINDWA. Pembeni palichorwa ufunguo mdogo. Vidole vyake vinene vilikuwa vimegusa kila kitufe alipokuwa akijisifu, bila mwenyewe kujua.

"Kinasemaje?"

Mama Sange akayasoma moyoni kwanza. Akisoma kama ilivyoandikwa, Nyani atasema kisanduku chenyewe kimeamua mtoto abaki.

"Kinasema kitoto kimekikwama kooni, Bwana. Gusa pale penye ufunguo, kitalegea."

Nyani akagusa. Ufunguo ukatoweka. Akagusa pipa. Chwii. Kipua akatoka, kilima kikaingia. Kacha. "Changu."

Hapo Mama Sange angeweza kwenda zake nyumbani. Lakini alimwona Kobe kule juani, shingo ameiingiza ndani kwa joto. Akakumbuka siku ya mvua, Kobe alivyosimama mlangoni pake kuzuia maji yasimfikie mtoto. Akaketi tena.

"Kilima ni kikubwa, Bwana," akasema. "Ila bonde ni pana zaidi."

Chwii, kivuli cha Kobe kikatoka. Kacha, bonde likaingia.

"Bonde ni pana, Bwana. Ila mbingu hazina mwisho."

Nyani akatazama juu, mdomo wazi. Mbingu hazikuenea kwenye picha moja. Akapiga upande wa mashariki, chemchemi ikatoka. Akapiga magharibi, mkuyu ukatoka. Akapiga juu utosini mara mbili, kilima na bonde vikatoka. Ikabaki mikate. Nyani alifumba macho alipobonyeza. Chwii.

Kacha ya mwisho, kisha kioo kikaandika BETRI IMEKWISHA, kikawa cheusi tii.

"Kinasemaje?"

"Kinasema kinafunga mlango, Bwana, mtu asije akakuibia mbingu."

Nyani akakikumbatia kisanduku, akakaa juu ya jiwe kuwafukuza ndege wasizichafue mbingu zake. Wanyama wakanywa maji. Kobe akarudi kivulini, kwatu, kwatu. Jua lilipokuwa linashuka, Mama Sange akakumbuka kwamba mwenye mbingu hajala tangu asubuhi. Akapanda na kuyu moja lililoiva, akaliweka karibu na mguu wake.

"La nani hili?" akauliza Nyani.

"La kwetu, Bwana. Karibu."

Nyani akalila, lakini jicho lake likabaki juu.

Basi, wanangu, tumejifunza kwamba tamaa inalipa. Waliotaka kidogo waliambulia maji na kivuli, na aliyetaka vyote akapata mbingu nzima. Tumejifunza pia kwamba kusoma hakuna faida, maana Mama Sange, pamoja na kusoma kwake, bado anaishi chini ya jiwe. Ila kesho shule mtaenda hivyohivyo, sare nimeshazifua.

Ngano yangu imefika mlangoni. Aliyeipenda alale nayo, na aliyeichoka aniachie, mdogo wenu akiamka nitamsimulia.