Bi Nungunungu Hana pa Kushika

Paukwa.
Pakawa.
Pakawa mimi na masanduku yangu matano. Nimetoka mbali na sijaleta kitu. Sogeeni motoni.

Hapo zamani za kale mto ulifurika, maji yakalizunguka shimo la Bi Nungunungu. Naye alikuwa ameteguka mguu. Asipovushwa kabla jua halijazama, atakufa maji.

Akaitwa Tembo, bingwa wa kubeba magogo. Akamzungushia mkonga, akachomwa, akamweka chini. Akamweka kati ya pembe, bibi akaporomoka, akamweka chini. Akamweka mgongoni, akachomwa tena, akamweka chini.

"Mzito?" akauliza Korongo, amesimama kwa mguu mmoja.

"Si mzito."

"Mkubwa?"

"Si mkubwa. Habebeki tu."

Korongo huruka hadi Ulaya kila mwaka, kwa hiyo hakuna asilolijua. "Kule wana neno lake. Kambasamu."

"Ni ugonjwa?" akauliza Bi Nungunungu.

"Hapana, bibi. Niliona watu wawili wakipandisha godoro ghorofani. Jepesi, lakini linapinda huku, linakwama kule, nao wanatukanana. Wakaliita kambasamu. Hata fomu ya serikali waliiita kambasamu."

"Karatasi? Karatasi ina uzito gani?" akasema Tembo.

"Ina kurasa arobaini. Hujui uanzie wapi."

Maji yakamfika Bi Nungunungu kidevuni.

"Kumbe si uzito," akasema Tembo. "Ni kukosa pa kuanzia. Bibi, shimoni mwako huwa unaingiaje?"

"Natanguliza kichwa, mwanangu. Nikitanguliza kichwa, miiba inalala. Ila hukuniuliza."

Tembo akaleta mzinga wa nyuki, mtupu, gogo lililotobolewa toka ncha hadi ncha. Bi Nungunungu akajivuta ndani, kichwa mbele. Tembo akauinua kama bua la mtama, wakavuka. Ng'ambo, bibi akatokea upande wa pili, kichwa mbele, mzima, anaulizia chakula.

Korongo akaona raha, akataka naye abebwe mzingani. Wakaingiza kichwa, miguu ikabaki nje. Wakaingiza miguu, mdomo ukabaki nje. Wakamkunja, mabawa yakafunguka.

Bi Nungunungu akamtazama. "Kambasamu," akasema.

Hadithi yangu imeishia hapo, na mimi nimekwama mlangoni na masanduku yangu. Mke wangu ananizunguka, anauliza aanzie wapi.