Chumba cha Katikati

Simu ziingie mifukoni, wapendwa, maana habari yenyewe inazihusu na sitaki zinijibu.

Palikuwa na ndugu wawili waliokaa nyumba ya marehemu baba yao, vyumba vitatu vimefuatana kama mabehewa, kila kimoja na mlango wake uani. Mkubwa chumba cha mbele, mdogo cha katikati. Cha mwisho alikuwamo mama yao, hatoki kitandani tangu avunjike nyonga. Ndugu hao walikuwa hawasalimiani. Waligombania mabati ya banda la ng'ombe. Ng'ombe alikwisha kufa, mabati yakaoza, ugomvi ndio uliobaki mzima.

Basi binti wa mama yule, aliyekuwa Uarabuni kikazi, akaambiwa lazima apasuliwe moyo. Mama akamwita mkubwa.

"Baba, wiki ijayo dada yako anapasuliwa. Nataka nimwone uso, nimwombee. Habari za 'anakusalimu' nimezichoka."

Mkubwa alikuwa na ruta ya intaneti chumbani kwake, lakini mtandao wake uliishia chumba cha katikati. Na bondeni kule mnara wa simu haushiki. Akaenda mjini, akanunua ruta ya pili, ile inayopokea mtandao kwa ya kwanza na kuusukuma mbele. Akaichomeka kando ya kitanda cha mama. Taa zikawaka, simu ikaonyesha vijiti vimejaa. Wakapiga. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, basi.

"Halo! Halo, mwanangu!" Mama anauitia ukuta.

"Usijichoshe, mama. Kifaa kibovu hiki."

Akakirudisha, akaja na kingine cha antena nne, kama mende aliyelala chali. Hicho kikawaka zaidi. Mtandao? Ule ule.

Mkewe alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. "Baba watoto, kitatoa nini na chenyewe hakijapokea? Kiweke katikati."

"Katikati wapi?"

"Unapajua."

"Kwa yule siendi. Afadhali nivute waya nyuma ya nyumba."

Akauvuta kweli. Mbuzi wakautafuna.

Siku ya upasuaji ikafika. Asubuhi ile mama hakuita tena halo. Alikuwa amegeukia ukutani, kimya, na kimya kile mkubwa hakukiweza. Akaenda kusimama mbele ya mlango wa katikati, ruta kwapani kama mwizi wa kuku. Amejipangia maneno: akinitukana nitamjibu hivi, akinifukuza nitamwambia vile. Akabisha.

Mdogo akafungua, wala hakuuliza kitu. Akamwonyesha soketi. Kabati kubwa lililokuwa likiiziba lilikuwa limesogezwa, na alama za miguu ya kabati ziko sakafuni.

"Umelisogeza lini?"

"Siku ile niliposikia mama anaita halo. Ukuta wenyewe mwembamba huu, kaka."

"Na hukusema?"

"Niseme na nani? Wewe ulikuwa unanunua antena."

Wakachomeka. Mama akashikishwa simu, wakapiga, ikaita vizuri kabisa. Akapokea nesi. Mgonjwa alikwisha kuingizwa chumba cha upasuaji.

Mlitaka niwaambie walionana, sivyo? Hata mimi ningependa. Binti alipona, nashukuru. Lakini aliingia mle bila uso wa mama yake.

Sasa sisi. Tunamwita Mungu, na katikati kuna chumba cha mtu tusiyemsalimia. Tunafanya nini? Tunaongeza mfungo, tunaongeza mkesha, tunaongeza makelele. Taa zinawaka, watu wanatuona tumewaka, na kiduara kinazunguka. Halafu tunalalamika kwamba mbingu zimefungwa. Mbingu gani? Mlango uliofungwa unaujua wewe, hata rangi yake unaijua. Tunapoogopa kubisha tunadhani ndani kuna matusi. Je, kama kabati lilikwisha kusogezwa?

Na wewe uliyesogeza kabati ukakaa kimya, usichekelee. Nawe ulimsikia mama akiita. Ulikuwa na mlango, na ulikuwa na miguu. Hukuwa unasamehe, ulikuwa unangoja kuangukiwa miguuni.

Nimemaliza. Mpiga kinanda, toa mikono hapo kwanza. Kuna watu humu wanatakiwa kuhama viti kabla hatujaimba, na hawahitaji niwataje.